Safari Yetu ya Jabal Akhdar na Motokaa ya Springi za Upepo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyewatiishia wanadamu vipando vya nchi kavu na vya baharini, nao kwa nguvu zao wenyewe wasingaliviweza. Katika kusafiri mna mafunzo mengi, na mengine hayapatikani ngomeni wala sokoni, bali hupatikana katika chombo chenyewe kimchukuacho msafiri. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, hasa vijana, habari za safari yetu ya Oman na za motokaa ya ami yetu iliyotupandisha mlimani.

Ami yetu ni mzaliwa wa Unguja. Kama walivyofanya jamaa wengi wa Kiomani waliokuwa Afrika ya Mashariki, alihamia Maskati baada ya mwaka 1970, na hata leo nyumbani kwake Kiswahili ndicho kisemwacho barazani na jikoni. Alfajiri ya kwanza, tuliporudi naye msikitini, tulimwona hakuingia ndani moja kwa moja. Alisimama mbali kidogo na motokaa yake, akaitazama kama atazamavyo mtu ng'ombe sokoni. Kisha akainama, akapima kwa shubiri nafasi iliyo baina ya tairi na ukingo wa bodi, tairi baada ya tairi, hata zikatimia nne. Tukamwuliza, "Ami, wapima nini?" Akacheka, akajibu, "Naitazama kabla haijaamka, wanangu. Ikisha kuamka haisemi kweli."

Maneno yale hatukuyafahamu siku ile.

Yafaa kwanza tueleze namna ya chombo chenyewe. Motokaa nyingi hubebwa na springi za chuma. Lakini tangu mwaka 1992, Range Rover ilipotiwa springi za upepo, waundaji kadhaa wa motokaa zivutwazo na magurudumu yote manne wamefuata njia hiyo, nayo ya ami yetu ni mojawapo; jina lake halina haja. Humo kila gurudumu lina mfuko wa mpira mnene uliojazwa upepo. Iko pampu ndogo iendeshwayo kwa umeme ivutayo hewa, na chujio la kuikausha ili unyevu usiingie, na vali za kuugawa upepo huo huku na huku, na vipimo viambiavyo mashine ni kiasi gani motokaa imeinuka kila upande. Dereva akibonyeza kidude, motokaa huinuka wanda mbili au tatu ivuke mawe, na akitaka hushuka ili wazee na watoto wapande kwa wepesi. Ukiijaza watu na mizigo, hujisawazisha yenyewe. Kwa hakika ni raha kubwa. Shangazi yetu, ambaye umri wake umepita miaka 80, hakubali kupanda nyingine.

Naye ami alikuwa amekwisha azimia kuiuza. Kijana mmoja wa mtaani alikuwa ameiona na kuipenda, wakapatana bei, ikabaki kukabidhiana tu baada ya safari yetu. Fedha hizo ami alikuwa amezinuia jambo jema: kwenda Umra pamoja na shangazi, na mkewe, na mwanawe mkubwa, watu wanne kwa jumla.

Tulitoka Maskati baada ya sala ya Alfajiri, tukafuata barabara kuu ipitayo bonde la Samail, milima ya mawe matupu kulia na kushoto. Baada ya kadiri ya kilomita 140 tulifika Birkat al-Mouz, mji ulio chini ya mlima, wenye mitende mingi na mfereji wa kale uitwao Falaj al-Khatmain. Mfereji huo ni mmoja wa mitano ya Oman iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia; maji yake hugawanywa kwa haki baina ya wenye mashamba, wala mwenye nguvu hamzidi mnyonge. Hapo polisi walituzuia, wakahakikisha kwamba motokaa yetu yavutwa na magurudumu yote manne, kwani njia ya mlimani ni kali mno. Zamani watu walipanda kwa miguu na kwa punda. Sasa iko lami mpaka juu, na pembeni mwake zimefanywa njia za changarawe, ili motokaa iliyoshindwa na breki ikimbilie humo.

Huko juu, Sayq, ni kadiri ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Tuliiacha joto kule chini tukakuta baridi ya kuvaa koti. Vijiji vya Al Ayn na Ash Shirayjah vimening'inia ukingoni mwa genge, na chini yake makonde yamepangwa kama ngazi, yana makomamanga, na lozi, na mawaridi. Ilikuwa mwezi wa Aprili, wakati wa kuchuma. Wachumaji huamka mapema kabla jua halijakausha harufu, kisha maua hutiwa katika vyungu juu ya tanuri za udongo, na mvuke wake ukipoa huwa marashi. Shangazi alinunua chupa mbili, akatupaka mikononi, akasema harufu ile yamkumbusha maulidi ya Unguja utotoni mwake.

Tulilala huko. Alfajiri, ami alipotoka kupima kama desturi yake, alituita. Pembe ya mbele ya kulia ilikuwa imelala. Baina ya tairi na bodi hapakupita hata vidole viwili. Mwanawe akawasha mtambo. Pampu ikanguruma, na baada ya dakika chache motokaa ikainuka, ikasimama sawasawa kama isiyo na dhara. Kijana akafurahi, akasema, "Baba, imepona! Twendeni zetu tuwahi mchanga wa Sharqiya."

Ami akajibu, "Haikupona, mwanangu. Imeficha tu."

Akaagiza maji ya sabuni ndani ya bakuli, akayapaka kwa kitambaa juu ya mfuko wa mpira, hasa pale ujikunjapo. Punde tukaona mapovu madogo yakichemka katika ufa mwembamba kama uzi. Akatueleza kwamba mpira huchoka kwa miaka, kwa jua na kwa vumbi, na ufa huanza katika kunjo. Upepo ukivuja, pampu hufanya kazi bila kupumzika kuurudisha. Ikipata moto sana hujizima, na asiyeangalia huunguza pampu kwa sababu ya mfuko mmoja. Tena mlimani hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu moja katika tano, kwa hiyo taabu ya pampu huzidi.

Vijana walinung'unika, kwani safari ya mchanga ilikuwa ndiyo hamu yao. Lakini ami hakutaka kuihatarisha amana ya roho za watu. Alimwomba jirani wa kijijini awashushe shangazi na wanawake katika motokaa yake. Sisi tukashuka nyuma yao polepole, kwa gea nzito, tukisimama kila mara kutazama pembe ile. Tulifika Birkat al-Mouz salama, alhamdulillahi, na kutoka hapo tukarudi Maskati kwa mwendo wa pole.

Kesho yake, baada ya sala ya Alasiri, mnunuzi akaja na fedha zake. Motokaa ilikuwa imetoka punde sokoni Matrah, kwa hiyo ilisimama wima na kung'aa. Kijana akaizunguka, akaridhika. Hapo mwana wa ami akamvuta babaye kando, akamwambia kwa sauti ya chini, nasi twasikia, "Baba, mtu mwenyewe ameridhika. Hatusemi uongo, tutanyamaza tu. Na fedha hizi ni za Umra."

Ami alimtazama kitambo, kisha akamkumbusha habari ijulikanayo ya Mtume wetu (s.a.w.), alipopita sokoni akatia mkono katika fungu la nafaka, vidole vyake vikakuta maji chini ya nafaka kavu. Mwenye mali akasingizia mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile yenye maji juu watu wakaiona, akaonya kwamba adanganyaye si katika sisi. "Yule naye alinyamaza tu," ami akasema. "Umra ya mali ya namna hiyo tutaipeleka kwa nani?"

Akarudi kwa mnunuzi, akamwambia, "Mwanangu, usinipe fedha leo. Njoo usali Alfajiri nasi, kisha uitazame kabla haijawashwa."

Kijana akaja. Tulipotoka msikitini, motokaa ilikuwa imelala pembe moja kama ngamia aliyepiga goti. Ami akamwonyesha mapovu, asimfiche kitu. Wakamwita fundi akakisia gharama ya mfuko mpya na ya pampu, ambayo nayo ilikwisha choka. Gharama hiyo yote ikaondolewa katika bei, kijana akainunua kwa radhi. Kwa fedha zilizosalia waliweza kwenda Umra watu wawili badala ya wanne. Ami alibaki nyumbani. Aliyekwenda na shangazi, kuwa maharimu wake na kumshika mkono, ni yule yule mwanawe aliyeshauri kunyamaza.

Ndugu msomaji, motokaa za namna hii sasa zimeenea katika miji yetu, nyingi zikiwa zimetumika kwingine kabla ya kufika kwetu. Ukiwa nayo, itazame kila asubuhi kabla ya kuiwasha. Pembe ikilala, tafuta ufa kwa maji ya sabuni, wala usingoje pampu iungue. Mwambie fundi abadilishe chujio la kukaushia hewa kwa wakati wake. Ukitaka kubadili tairi, kwanza zima ule mtambo wa kuinua na kushusha, wala usiingie kamwe chini ya motokaa ishikiliwayo na upepo au jeki peke yake, kwani yaweza kushuka ghafula. Weka vigingi vya chuma. Na ukiona gharama yakulemea, si aibu kumwomba fundi hodari akutilie springi za chuma. Ukiwa mnunuzi, nenda asubuhi, uitazame kabla haijawashwa. Na ukiwa muuzaji, mwite mwenzio saa ile ile.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kweli katika biashara zetu, na atusalimishe katika safari zetu. Amin.