Ubuntu, Kubuntu na herufi ɛ

Mwanaisimu wa Kibantu akiona kwa mara ya kwanza orodha ya mifumo ya Linux, macho yake huenda kwenye majina. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imebeba neno la lugha za Kinguni lenye kiambishi cha ngeli ya 14. Waluba wana bumuntu, Kiswahili kina utu. Ndugu yake Kubuntu ilipata K yake kutoka KDE, programu inayochora madirisha yake. Lakini msemaji wa Kibemba husoma hapo kiambishi cha mahali, kama kusema kuelekea kwenye utu, naye Mrundi husikia ku buntu, yaani bila malipo. Na kweli hakuna anayelipa. Lubuntu, yenye sura ya ngeli ya 11 juu ya ngeli ya 14, nawaachia walimu wa mofolojia.

Hata hivyo jina halitoshi kuwa sababu ya kuchagua. Mashine yangu ni ya mitumba, ina giga 4 za RAM. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kijenzi cha usalama, TPM 2.0, ambacho mashine yangu haina. Ndani yake zimo rekodi za Kinande, simulizi za wazee nilizokusanya kwa ajili ya memwari yangu, pamoja na manukuu yake.

Wenzangu huuliza mfumo upi ni mwepesi, au upi unapendeza macho. Ni maswali halali. Faili ya Ubuntu 24.04 inakaribia giga 6, ile ya Linux Mint yenye Xfce haifiki giga 3, na kwa mtu anayenunua mega za siku moja moja, tofauti hiyo ni pesa ya chakula. Lakini katika kitivo chetu mimi ningeanza na swali jingine: je, nitaweza kuandika lugha yangu humo?

Kinande kina irabu saba za msingi, tena kina toni. Herufi ɛ ina namba yake katika Unicode, 025B. Lakini ɛ́ yenye toni ya juu haina namba moja: huandikwa 025B, kisha alama 0301, na ni kazi ya fonti kuiweka alama hiyo mahali pake. Fonti mbaya huiacha ikielea pembeni. Zipo kazi za zamani zilizochapwa kwa fonti za kubuni, ambamo ɛ ilikuwa kwa kweli alama nyingine iliyochorwa upya. Ukifungua faili kama hiyo leo kwenye mashine isiyo na fonti ile, unakuta alama za dola na mabano katikati ya maneno. Toni hazisomeki tena, na aliyezitamka pengine amekwisha fariki.

Kwa hiyo nilijaribu kwanza. Mint huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Nikafungua mpangilio wa kibodi, na humo nikakuta kibodi ya Kifaransa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye ɛ, ɔ na alama za toni, bila kupakua kitu chochote. Nikaandika ɛ́ mara kumi, kwa fonti tatu. Alama ilikaa. Kwa ɪ na ʊ niliandika baadaye mistari michache katika faili iitwayo .XCompose, nikichagua vitufe mwenyewe. Praat na ELAN, ambazo hatuwezi kuzikosa, zina matoleo ya Linux.

Kusakinisha kwenyewe hakukuwa na makuu. Rekodi zilikuwa tayari kwenye diski mbili za nje, katika nyumba mbili tofauti, na betri ilikuwa imejaa, maana umeme wetu hauagi unapoondoka. Ukurasa mmoja tu unastahili kusomwa polepole: ule unaouliza kama ufute diski yote. Nilikubali.

Flashi ile imekwisha pita katika mashine tatu za darasa letu. Mwenye ya nne anaandika Kilega, na ameniomba kwanza nimwoneshe ɔ yenye toni.