Betri Niliiua Mwenyewe

Betri kubwa ya gari langu haikuwa mbovu nilipouziwa. Niliiua mwenyewe, kwa ubahili na ubishi, na kwa muda mrefu nilimlaumu mtu asiyehusika.

Gari lenyewe ni Toyota Harrier haibridi, lile umbo ambalo mitaani tumelibatiza Anaconda. Lilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2013, na toleo la haibridi likafuata Januari 2014. Lina injini ya petroli ya lita 2.5, mota ya umeme mbele, nyingine nyuma, na betri imelala chini ya kiti cha nyuma. Nililinunua kwenye yadi moja hapa Dar es Salaam kwa sababu mbili. Petroli ilikuwa imepanda, na jirani yangu alikuwa na Harrier tako la nyani, umbo lililotangulia hili. Sababu ya pili sikuwahi kumwambia mtu.

Miezi ya mwanzo nilikuwa mhubiri. Kwenye foleni ya Mwenge injini inajizima, gari linatambaa kimya kwa umeme, na mimi macho kwenye mshale wa mafuta kama konda anayehesabu chenji. Nikaanza kutafuta namna ya kubana zaidi. Nikasoma mahali kwamba kompresa ya AC kwenye haibridi inaendeshwa na umeme wa ile betri kubwa. Hilo ni kweli. Nikahitimisha, bila kumuuliza yeyote, kwamba nikizima AC na kushusha vioo nitaokoa hela. Nakaa Goba, na barabara ya kuingia mtaani kwetu haijawahi kuonja lami.

Hapa kuna jambo ambalo aliyezoea gari la kawaida hana sababu ya kulijua. Betri ya haibridi inapata joto kila inapochajiwa na kila inapotoa umeme, kwa hiyo ina feni ya kuipoza. Feni hiyo haivuti hewa ya nje. Inavuta hewa ya ndani ya gari, kupitia vitundu vilivyo chini ya kiti cha nyuma, usawa wa visigino vya abiria. Hewa mnayovuta nyinyi ndiyo inayoipoza betri. AC ikiwaka, inapata hewa baridi na safi. Ukizima AC na kushusha vioo mchana wa Februari, unailisha joto na vumbi kwa pamoja. Nami, kwa mapenzi ya gari, nilikuwa nimelitandikia kapeti nene la manyoya, likapanda mpaka likaziba vitundu vyenyewe.

Binti yangu ndiye aliyesikia kwanza. "Baba, huku nyuma kuna kitu kinavuma." Nikamjibu kuwa ndiyo sauti ya haibridi, nikaongeza redio.

Kisha ukaja ujumbe kwenye dashibodi, kwa Kijapani. Magari mengi tunayoagiza kule yanakuja hivyo, na wengi wetu tumezoea kubonyeza kitufe cha usukani hadi maandishi yaondoke. Nilibonyeza. Yakarudi. Taa ya injini nayo ikawaka. Nikaenda Kariakoo kununua kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kinachosoma hitilafu na kuzileta kwenye simu. Kikaniletea P0A80. Hiyo inatokea pale kompyuta ya gari inapoona sehemu za betri zimeanza kutofautiana nguvu kupita kiasi, nyingine imara, nyingine zimechoka. Kidude kile kina kitufe cha kufuta. Nikafuta. Taa ikazima, nikajiona fundi. Ikawa kazi ya kila asubuhi, mpaka mke wangu akawa ananiuliza kama leo nimeshalisalimia gari.

Sikuwa nafuta kwa sababu niliamini limepona. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nimeuziwa betri iliyochoka, na mtu akishaamua hivyo hatafuti tena chanzo, anatafuta mshitakiwa. Nilikwenda yadi nikapiga kelele mbele ya wateja. Muuzaji alinisikiliza, kisha akaniuliza kwa upole, "Kaka, feni ya betri umewahi kuisafisha?" Nikamwambia asinigeuzie kibao.

Gari lilinigomea kwenye mlima wa Kitonga. Tulikuwa tunakwenda Iringa kupeleka mahari ya mtoto wa kaka yangu, na mimi, baba mdogo, ndiye niliyepewa kazi ya kusema mbele ya wakwe. Tulipopita Ruaha Mbuyuni gari lilianza kulegea, na kwenye kona za mwanzo za mlima likakataa kabisa. Injini inanguruma, mwendo hakuna, malori ya shehena yanatupita. Binti akaelekeza kamera ya simu yake kwenye dashibodi, simu ikatafsiri: kagua mfumo wa haibridi. Nilikuwa nimebonyeza kitufe juu ya maneno hayo kwa miezi.

Gari la aina hii, linalosukumwa na magurudumu yote manne, halivutwi kwa kamba, kwa sababu magurudumu yakizunguka yanazungusha na mota zake. Linapandishwa juu ya lori. Lori likachelewa. Mahari ikatolewa, shemeji yangu akasema badala yangu, na nasikia alisema vizuri.

Dar es Salaam nikampata kijana mmoja wa Tabata anayeshughulika na haibridi. Akanipa shikamoo, akavaa glavu za mpira, akachomoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa akaitia mfukoni, asije mtu mwingine akairudisha. Tukangoja dakika kumi umeme uliobaki kwenye mfumo upungue. Kisha akafungua kiti cha nyuma, akalikunja kapeti langu pembeni, akatoa feni.

Feni hiyo ina vibapa vyembamba vingi vilivyopangwa kwa duara, na kati ya kibapa na kibapa panatakiwa kuwa na uwazi. Yangu haikuwa na uwazi. Ilijaa kitu cha kijivu kilichoshikana kama blanketi. Kijana akaingiza bisibisi, kikatoka kipande kizima. Akakichana kwa vidole juu ya gazeti: vumbi, nywele, na nyuzi za buluu. Nyuzi nyingi sana za buluu. Nikaliangalia kapeti langu pale sakafuni. La buluu.

"Mzee, AC huwa unawasha?" akaniuliza.

"Siku moja moja," nikasema. Hata hapo nilidanganya.

Betri ile ina moduli 34, kila moja ya volti 7.2, jumla volti 244.8. Alizipima moja moja kwa mzigo. Za pembeni zilikuwa na nafuu. Za katikati, ambazo joto huwa halina pa kutokea, zilianguka mara tu alipozitwisha mzigo. Akanishauri nibadilishe betri nzima. Nikauliza kama haiwezekani kubadilisha zilizokufa tu. Akasema inawezekana, lakini moduli ngeni na zilizozeeka hazikai pamoja muda mrefu, zile dhaifu zitafuata. Nikamwambia aweke hizo chache. Yaani nilikuwa nimetoka tu kuona matunda ya ubahili wangu yamelala juu ya gazeti, na bado nikabana.

Kabla mwaka haujaisha P0A80 ilirudi. Safari hiyo nilinunua betri nzima.

Lori la kutoka Kitonga lilikula shilingi 900,000. Moduli za kuungaunga 600,000. Betri kamili, pamoja na ufundi, 4,200,000. Jumla 5,700,000. Petroli niliyookoa kwa kuzima AC sijaipigia hesabu, na sina hamu ya kuipigia. Kusafisha feni, kijana yule ananitoza 40,000.

Yadi nilirudi. Nilimwomba muuzaji radhi, tena wateja wakiwepo, maana kelele nazo nilizipigia mbele yao. Alikubali. Aliniuliza tu kapeti nililinunua wapi.

Kama una haibridi ambayo betri yake inapozwa kwa hewa ya ndani, jioni hii inua kapeti la nyuma uvitafute vitundu vile. Kwenye baadhi ya magari viko ubavuni mwa kiti. Vipitishie mashine ya kuvuta vumbi, usiweke begi wala kiatu mbele yake, na joto likizidi washa AC. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse, hizo mwachie fundi. Feni yenyewe ifunguliwe mara moja kwa mwaka, na mara mbili kama barabara yako ni kama yetu ya Goba.