Mara Yangu ya Kwanza Namugongo

Mutukula tulifika alfajiri, basi zima la mahujaji likisali rozari. Tukagongewa mihuri upande wa Tanzania, tukagongewa tena upande wa Uganda, na vijana wa kubadilisha fedha wakatuzunguka na mabunda ya noti. Sikuwahi kuvuka mpaka, nikawa nimekodoa macho dirishani nikisubiri ugeni, lakini udongo ulikuwa uleule mwekundu na migomba ya Bukoba ikaendelea bila kujali mpaka. Ugeni ulinikuta Masaka tuliposhuka kunywa chai. Muuzaji, mama wa makamo, alipiga magoti kutusalimia. Kwetu Usukumani binti ndiye humpigia goti mkubwa wake. Hapa mkubwa alinipigia goti mimi, nikakosa pa kuweka uso.

Kiongozi wetu alikuwa katekista mzee wa Bukumbi, karibu na Mwanza, na kutoka Masaka hadi Kampala hakunyamaza. Alitueleza jinsi mapadre Wamisionari wa Afrika walivyoondoka Buganda mwaka 1882 na kuvuka ziwa hadi huko kwao Bukumbi, wakarudi mwaka 1885. Miaka hiyo yote waamini wa Buganda walikaa bila padre, wakafundishana wenyewe kwa wenyewe, na waliporudi mapadre wakawakuta wameongezeka. Nilikulia Mwanza, kila tarehe 3 Juni nasikia habari za Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda, na sikujua kwamba hadithi yao ilipita jirani na nyumbani kwetu.

Kesho yake tulianzia Munyonyo, kando ya ziwa, ambako Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, aliwahukumu kifo mwishoni mwa Mei 1886. Usiku wa kuamkia hukumu, Lwanga aliwabatiza vijana kadhaa wa ikulu, Kizito akiwemo, mtoto wa miaka kama 14. Kisha wakafungwa kamba na kuswagwa hadi Namugongo. Tulifuata njia hiyo kwa miguu, katikati ya pikipiki na maduka ya simu. Mbele yangu alitembea bibi mmoja kutoka Kongo, viatu ameviweka kichwani, anaimba. Nilijaribu kwenda mwendo wake, nikashindwa.

Namugongo nilitegemea kuona mnara na kengele. Nilichokiona ni msonge! Basilika limejengwa kwa umbo la nyumba ya asili ya Kiganda, nguzo zake 22 zikishuka kutoka kileleni hadi ardhini, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Mhaya yeyote angelitambua: ni nyumba ya babu iliyokuzwa hadi ikatosha taifa. Altare iko pale Lwanga alipochomwa peke yake kwa moto wa taratibu ulioanzia miguuni. Usiku huo tulilala uwanjani juu ya mikeka, Wanyarwanda kulia, Wakenya kushoto, na kando ya bwawa watu walipanga foleni na madumu wakichota maji ya kupelekea wagonjwa wao.

Baada ya misa ya sikukuu tukaenda upande wa Waanglikana, umbali wa kutembea tu. Huko wamechonga sanamu za vijana waliofungwa ndani ya matete juu ya kuni. Wakatoliki na Waanglikana waliunguzwa pamoja katika moto mmoja, siku ya Kupaa Bwana. Kabla ya hapo walikuwa wamekaa wiki nzima wakisubiri kuni zikusanywe. Ni wiki hiyo iliyonigusa kuliko moto wenyewe.

Maana mimi nilikuja na jambo langu. Mama yangu aliugua saratani muda mrefu kabla hajafariki, na msibani kila mtu alinishika mkono akaniambia kazi ya Mungu haina makosa. Najua walinionea huruma, lakini neno lile lilinichoma. Mbele ya sanamu zile nikamwambia katekista: hawa walichagua, neno moja tu la kumkana Kristo lingewaokoa. Mama hakupewa la kuchagua. Maumivu yake yana uhusiano gani na haya?

Hakunijibu kwa hubiri. "Kesho tupite Old Kampala, mwanangu," akasema. "Umwone Mulumba."

Old Kampala hapakuwa na umati. Matia Mulumba, mmoja wa mashahidi hao, hakufa kwa moto. Wauaji walimkata viungo, wakazuia damu isitoke ili asife upesi, kisha wakaondoka. Alilala pale peke yake siku kadhaa. Inasimuliwa kwamba watumwa waliokuja kukata matete walimsikia akiomba maji, wakakimbia kwa hofu. Nilisimama nikafikiria: saa zile hakuwa na mtu wa kumkana Kristo mbele yake hata angetaka. Uchaguzi ulikuwa umekwisha. Kulibaki kiu, na Mungu ambaye naye msalabani aliona kiu.

Mama katika siku zake za mwisho hakuweza kumeza ila maji ya kijiko cha chai. Nilimnywesha usiku, kidogo kidogo, nikimfuta kidevu kwa ncha ya kanga, naye akinong'ona sala ambayo sikuisikia vizuri. Siamini kwamba Mungu alimpa saratani ili kutufundisha kitu. Naamini kwamba Bwana alikuwa kitandani pale kabla yangu, na kwamba kijiko kile nilimpa na yeye pia. Hilo silo jibu la swali langu, lakini naweza kuishi nalo.

Katika kanisa la pale nikaandikisha nia ya misa. Karani akaniuliza ni ya kumwombea marehemu au ya shukrani. Nikamwambia aandike zote mbili, nikatoa sadaka, kisha tukakimbilia basi, kwa kuwa dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi.