Nyumba kuukuu na fundi asiyetupa mbao

Mvua zinakaribia na kila mtu anaangalia paa lake, basi tuongee habari za ujenzi.

Kituo cha vijana kilipata flashi yenye vipindi vya televisheni ya Marekani viitwavyo This Old House, yaani nyumba hii kuukuu. Tulidhani tutaonyeshwa majumba ya matajiri. Kumbe ni mafundi wanabomoa ukuta na kukuta mbao imeoza kama ya kwetu!

Kipindi kilianza mwaka 1979 mjini Boston, katika kituo cha WGBH, na mwanzilishi wake ni Russell Morash, aliyefariki 2024. Walichukua nyumba moja mbovu mtaa wa Dorchester wakaitengeneza hatua kwa hatua mbele ya kamera. Mtangazaji wa kwanza alikuwa Bob Vila, ambaye wazazi wake walitoka Kuba. Mwaka 1989 akaja Steve Thomas, na 2003 akafuata Kevin O'Connor. Huyu alikuwa mtu wa benki, siyo fundi. Walimfahamu kwa sababu nyumba yake ilimsumbua akaomba msaada. Ndiyo maana anauliza maswali ambayo hata sisi tungeuliza, bila haya.

Lakini tuliyempenda zaidi ni Norm Abram, fundi seremala, aliyekuwepo tangu 1979 hadi alipostaafu 2022. Inasemekana Morash alimwona akijenga nyumbani kwake, akashangaa jinsi rundo la mabaki ya mbao lilivyokuwa dogo. Mama mmoja aliposikia hayo akasema, "Huyo aletwe huku!" Tulicheka, lakini anayetafuta nguzo moja kwa siku nzima anaelewa.

Baada ya kutazama kulizuka ubishi. Wazee walisema nyumba ya kambini ni ya kupita, kwa nini kujisumbua, kesho tutaambiwa turudi. Hatuwalaumu, maana wameshaacha nyumba nzuri nyuma yao na hakuna aliyewalipa. Ila watoto tunaowafundisha wengi wamezaliwa hapa hapa. Kwao hii ndiyo nyumba, hawana nyingine ya kukumbuka. Na ukuta ukianguka usiku hauulizi kama wewe ni wa kupita.

Jambo moja la wale mafundi linatufaa bila pesa: kabla ya kupaka rangi wanatafuta maji yanaingilia wapi. Hapa kwetu tofali mbichi huanza kuliwa chini. Ukingo wa paa ni mfupi, tone linadondoka karibu na ukuta, tope linaruka, msingi unalainika. Tunakandika tena juu tukidhani tumetengeneza, wakati maji bado yanaingia palepale. Afadhali kurefusha ukingo wa paa na kuchimba mfereji wa kuyapeleka mbali, halafu ndipo ukandike.

Tuliwapa wanafunzi kamba wakapime umbali kati ya ukuta na mahali tone linapoangukia nyumbani kwao. Wengine walirudi na kipimo kifupi kuliko kiganja. Baba wa mmoja wao ameshaongeza paa upande wa magharibi, unaopigwa na mvua zaidi. Upande wa mashariki anangoja nyasi.