Habari za Kuku wa Nyarubungo

Mwezi wa Julai mwaka 2023 tulipata nafasi ya kusafiri mpaka Nyarubungo, katika wilaya ya Biharamulo, kumtembelea mwalimu wa mtaa aliyekuwa ametualika tangu Pasaka. Tulikusudia kukaa siku 2, tukakaa siku 5, na sababu ya kukawia kwetu ilikuwa kuku. Wengine watacheka. Lakini Bwana wetu mwenyewe, alipouombolezea mji wa Yerusalemu, hakuona haya kumtaja kuku na vifaranga vyake. Basi nasi hatuoni haya.

Tulitoka mji wa Biharamulo asubuhi, tukaliacha nyuma boma la kale la Wadachi, tukashika njia ya vumbi jekundu. Nchi yote ilikuwa imekauka, maana mvua za masika zilikwisha tangu Mei, wala za vuli hazikutarajiwa kabla ya Septemba. Hapa na pale watu walikuwa wamechoma nyasi, na juu ya moshi mwewe walizunguka wakiwavizia panzi na panya waukimbiao moto. Tuliwahesabu 12 juu ya moto mmoja. Mwenzetu akasema, “Hao wakimaliza panzi, kesho watataka vifaranga.” Tulidhani ni mzaha.

Msomaji wa pwani akisikia tunataja baridi katika nchi iliyo karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, atasema tumezidisha. Na ajue kwamba maji ya Ziwa Victoria yenyewe yako mita 1,134 juu ya bahari, na nyanda hizi zimeinuka kupita hayo. Tena wakati wa kiangazi mbingu haina wingu. Joto lililoingia ardhini mchana hupanda juu usiku pasipo kitu cha kulizuia, kama nyumba isiyo na paa. Jua likizama, upepo hugeuka kuwa mkali. Usiku ule wa kwanza tulijifunika mablanketi mawili mawili, wala hatukuona aibu.

Yapata saa 9 usiku tukasikia kuku wakipiga kelele upande wa pili wa migomba, kisha kimya. Mwalimu akainuka kitandani, akasikiliza, akalala tena. Alituambia baadaye kwamba jambo hilo linamsumbua moyoni, maana angalitoka nje na taa huenda mambo yangalikuwa mengine.

Kulipokucha, mama mmoja mjane, jirani yake, alikuja kupiga hodi. Hakuketi. Akasema, “Mwalimu, nimekwisha. Nilikuwa na kuku kumi na wanne; jana niliufunga mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Leo wamebaki saba, na jogoo ni mmoja wao.” Tukamwuliza wengine wamekwenda wapi. Akajibu kwamba watano wamelala wamekufa ndani ya banda, na wawili hawaonekani.

Ni lazima tueleze kuku hao walikuwa nini kwake. Binti yake alitazamiwa kuanza kidato cha kwanza mwezi wa Januari, na ingawa ada ya shule za serikali iliondolewa tangu mwaka 2016, sare, viatu na madaftari havikuondolewa. Mama yule alikuwa amepanga kuwauza kuku 8 karibu na Krismasi, bei ipandapo. Tena alikuwa na neno jingine, naye alilisema kwa sauti ndogo: usiku ule alimwona kijana wa jirani akipita karibu na banda, naye hakumwamkia. Na neno hilo alikuwa amekwisha kuwaambia wanawake wawili kisimani. Msomaji ajua neno lililofika kisimani huenda mbali gani.

Kabla ya saa 4 asubuhi, baba wa kijana yule alikuwa amefika, amekasirika sana, akisema kwamba nyumba yake haijapata kuitwa nyumba ya wezi, naye ataipeleka habari hii kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nyumba hizi mbili husali katika jumuiya moja. Mwalimu akawasihi wote wawili wangoje mpaka kesho, nasi tukaenda kulitazama banda.

Hapo ndipo tulipojifunza mengi. Mizoga ile mitano tuliipanga chini, tukaitazama mmoja mmoja. Kila kuku alikuwa ameumwa shingoni au nyuma ya kichwa, na nyama haikuliwa ila kidogo. Mzee mmoja aliyekuwa nasi, mwindaji wa zamani, akasema, “Mtu akiiba kuku habakizi mizoga. Huchukua aliyenona, tena kimya.” Akatueleza jinsi ya kumjua mwuaji kwa kazi yake. Chatu humeza kuku mzima, asiache hata unyoya, na mara nyingine asubuhi hukutwa pale pale amevimba, hawezi kutoka kwa tundu aliloingilia. Fungo na paka-mwitu humshika mmoja, wakaenda kumla mwituni, nawe utaona manyoya yamedondoka njiani. Kenge huja kwa ajili ya mayai na vifaranga. Mwewe na kipanga ni wa mchana, na nguchiro vivyo hivyo. Siafu ni wa siku za mvua: huingia maelfu kwa maelfu, na kuku aatamiaye, kwa kuwa hataki kuyaacha mayai yake, huliwa akiwa hai kiotani. Lakini kicheche akiingia mahali kuku walipobanana gizani, hushikwa na wazimu. Huuma huyu na huyu, asikome maadamu kuna kinachopapatika.

Baba wa kijana alisikia hayo yote, akatikisa kichwa, asiseme neno. Mama naye akauliza, “Na wale wawili?” Mzee akasema huenda walichukuliwa. Hakuapa.

Tukalizunguka banda. Lilikuwa la fito na udongo, limejengwa chini kabisa, na mvua za masika zilikuwa zimebomoa udongo chini ya mlango, pakawa na nafasi ya vidole vinne. Sisi tungalisema hata panya mkubwa atapita kwa shida. Mzee akatuambia kwamba mnyama huyu, kichwa chake kikipita, mwili wote hupita.

Mwalimu akatoa shauri ambalo tunalisifu sana. Jioni, kuku saba walipokwisha kuhamishiwa jikoni kwake, tulichekecha jivu tukalitandaza kulizunguka banda lile tupu upana wa hatua moja, na mizoga miwili tukaiacha ndani. Usiku ule tulisali pamoja, wale wazazi wawili wakiwapo, kila mmoja ameketi upande wake wa chumba. Asubuhi jivu lilikuwa limeandikwa kama daftari. Nyayo zilikuwa ndogo, zenye vidole vitano na alama za kucha ndefu mbele yake. Wala hazikuwa za paka, maana paka hukunja kucha zake atembeapo. Zilikuja toka upande wa kichuguu, zikaingia chini ya mlango, zikatoka. Mama akainama akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda nyumbani kwa jirani yake. Walisema nini hatukusikia, wala haitupasi kuuliza. Lakini saa 5 yule kijana alikuja na mkokoteni wa mawe.

Tukajenga banda jipya siku 2. Tulilisimamisha juu ya nguzo nne, sakafu yake ikiwa mita moja toka ardhini, na kila nguzo tukaivika kipande cha bati laini ili mpandaji ateleze. Sakafu ni ya fito zilizoachana kidogo, kinyesi kianguke chini kizolewe kwa ajili ya migomba, ambayo hukipenda mno. Mawe ya kijana tuliyapanga kuzunguka nguzo zote, kichimbacho kisichimbe. Ngazi huondolewa jioni. Mlango tuliuelekeza magharibi, kwa kuwa upepo wa kiangazi hutoka zaidi upande wa mashariki na kusini.

Katika kukandika kuta palitokea mabishano. Mama alitaka kuziba kila mahali, baridi isiingie hata kidogo. Nasi tulimpinga kwa nguvu, kwa sababu kosa hilo tulilifanya wenyewe nyumbani kwetu miaka ya nyuma. Tulikandika udongo toka chini mpaka juu, tukajisifu. Mwezi haujaisha kuku wakawa wanakoroma na macho yao yanatoa machozi, na tuliowapoteza ni wengi kuliko waliowahi kufa kwa baridi. Kuku mzima ana joto la nyuzi 41 hivi mwilini. Akiyavimbisha manyoya yake, akakaa na wenzake juu ya kijiti kinene, akaweza kuifunika miguu yake, yatosha. Baridi kavu haimwui upesi. Kimwuacho ni unyevu wa pumzi na kinyesi usiokuwa na pa kutokea, na ule upepo umpigao mwilini alalapo. Hata katika nchi za Ulaya, ambako theluji huanguka na upanga wa jogoo huweza kuganda ukafa, wafugaji wenye akili huacha tundu juu karibu na paa. Basi tukakandika mpaka juu ya vichwa vya kuku walalao, na sehemu ya juu tukaiacha wazi, tukaifunga kwa wavu wa waya wenye matundu madogo. Paa ni la nyasi. Mama alitamani bati, tukamwambia bati pekee hupoa sana usiku na kuchoma mchana. Mwenye kuliweka na alitandikie nyasi chini yake.

Vifaranga ni habari nyingine. Kuku huatamia siku 21, na wale watokao Julai huingia katika baridi wakiwa na malaika tu, wasio na manyoya ya kweli. Usiku mama yao huwafunika. Hatari yao ni alfajiri, atokapo nao mapema kutafuta chakula kwenye umande. Mwalimu huwafunika kuku na vifaranga kwa tenga mpaka jua lipande, akiwatupia chenga za mahindi na mchwa. Tenga hilo hilo huwalinda na mwewe. Na akishawaachia, huwaacha karibu na mihogo iliyopandwa nyuma ya jiko, wapate mahali pa kukimbilia kivuli kipitacho juu. Tulipokumbuka wale mwewe 12, tuliona kwamba yule mwenzetu hakufanya mzaha.

Yule mzee mwindaji, tulipokuwa tukijisifia banda letu, alituambia jambo lililotunyamazisha. Alisema, “Kicheche aliua watano. Mdondo huua wote.” Ndivyo ilivyo. Ugonjwa huo, ambao wengine huuita kideri, uliandikwa na waganga wa wanyama katika miaka ya 1926 na 1927, ulipotokea Java na huko Newcastle katika Uingereza, ukapewa jina la mji huo. Kwetu huzidi mwisho wa kiangazi na mwanzo wa vuli, na kwa hiyo watu husema umeletwa na upepo na baridi. Baridi humdhoofisha kuku, hatukatai. Lakini ugonjwa wenyewe huja ndani ya tenga, pamoja na kuku aliyenunuliwa mnadani au aliyeletwa zawadi ya arusi. Kuku husinzia, hushusha mabawa, huhara kijani, shingo humpinda, naye hafi peke yake. Dawa ya kumponya haipo.

Kinga ipo, nayo ni ya bei ndogo: tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa na mdogo, na kurudia kila miezi 3 au 4. Chanjo iitwayo I-2, ambayo hutengenezwa hapa Tanzania, huvumilia joto kuliko zile za zamani, hata yaweza kupelekwa vijijini ikiwa imefungwa kwa kitambaa chenye maji na kuwekwa kivulini. Lakini haimsaidii kuku aliyekwisha kushikwa. Tena nyumba moja ikichanja na ya pili isichanje, kazi ni nusu. Mwalimu aliandika majina ya nyumba zote za jumuiya yake, akampelekea bwana mifugo, wakapatana siku moja ya mwezi wa Agosti, kabla ya jua kuwa kali. Baba wa yule kijana aliombwa kuwashika kuku, maana mikono yake ni mikubwa.

Tuliondoka siku ya tano alfajiri. Jogoo wa mama yule aliwika katika banda jipya tulipokuwa tukifunga mizigo, na mwalimu akasema kwamba tangu sasa, akisikia kuku wakilia usiku, atatoka.

Mwezi wa Novemba barua yake ilitufikia. Mdondo ulipita katika vitongoji vya jirani mwezi wa Oktoba. Kwao walikufa kuku wawili tu, wa nyumba iliyokosa siku ile ya chanjo. Mama ana kuku 9 wakubwa na vifaranga 11. Sketi imekwisha kununuliwa. Viatu vinangoja Krismasi. Kicheche alirudi mara mbili, na mara zote nyayo zake zilizunguka mawe zikaondoka. Habari za wale kuku wawili waliopotea hazijajulikana, na mama, asema mwalimu, hauliizi tena.