Mkebe wa Mchana kwa Mtindo wa Kijapani

Je, mwanao hushinda shuleni kwa viazi vya karai tu? Wajapani humfungia mtoto bento: wali, samaki, yai na mboga, kila kimoja na pembe yake mkebeni. Hapa Makadara mimi hufunga nguru wa kukaanga na karoti. Lakini wali wa nazi, la! Kwa joto letu la Mombasa huchacha upesi, na tumbo la mtoto ndilo litakaloumia. Pika wali mweupe alfajiri, utandaze kwenye sinia upoe kabisa, ndipo ufunike. Mvuke ukifungiwa ndani huharibu chakula. Wao hutia plamu ya chumvi katikati. Mimi hutia achari ya ndimu, kwa ladha tu. Usiitegemee kuzuia uchachu. Wangu huimaliza hiyo kwanza, samaki baadaye.