Sensa niliyoisingizia

Leo naweka programu kando kidogo. Kila Alhamisi nampeleka mama kliniki Msambweni kutoka hapa Majoreni, na taa ya injini ilikuwa haizimiki. Kisomaji kikatoa P0131: volti ya sensa ya oksijeni iko chini. Fundi akasema badilisha. Nikabadilisha, nikafuta msimbo, siku mbili ukarudi. Nikanunua nyingine (ndiyo, mara ya pili, msinicheke) na bado ukarudi.

Nami kila siku nahubiri kwamba ujumbe wa hitilafu husema kosa limeonekana wapi, si limeanzia wapi!

Nikafuatilia volti kwenye simu. Sensa nzima hurukaruka kati ya 0.1 na 0.9. Yangu, gari likiwa limesimama linanguruma tu, ililala 0.1. Nikikanyaga mafuta, inacheza vizuri kabisa. Sensa mbovu haiponi kwa kukanyagwa mafuta. Asubuhi, injini ikiwa baridi, nikasikia tik-tik-tik. Kumbe gasketi ya eksozi imetoboka kabla ya sensa, pembeni masizi matupu. Hewa ya nje ilikuwa ikivutwa pale.

Gasketi ikabadilishwa, taa ikazima. Alhamisi mama akaniuliza, "Mwanangu, leo gari halikohoi?"